Kichwa na Mkia

Tangu Jumanne mama anaungua ubavuni,
upande wa kushoto, pale blauzi ya sari inapobana.
Akadhani siafu. Akadhani mshipa. Akanyamaza,
maana mvua ya Sirsi haimngoji mgonjwa
na popoo zilikuwa bado hazijamenywa.

Ijumaa akafunua nguo:
malengelenge yamepangana
kama shanga zilizotungwa na mtu mwenye hasira.
Kwingine huuita mkanda wa jeshi.
Kwetu ni nyoka anayejizungusha mwilini,
na mtoto yeyote wa bonde hili atakuambia:
kichwa kikikutana na mkia, umekwisha.

Bhagirathi alikuja na jiwe lake,
hasagii jiwe la mtu.
Mwarobaini, majani machanga ya ncha tu.
Manjano mabichi. Kipande cha sandali
alichokisugua majini hadi chumba kizima
kikanukia kama harusi iliyokosea nyumba.
Kisha udongo mwekundu:
mstari mbele ya kichwa, mstari nyuma ya mkia.
"Hapa hupiti," akamwambia nyoka,
kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Mimi ni muuza dawa, Hubli. Miaka kumi na moja
nasoma majina marefu kwenye vijisanduku vifupi.
Najua hakuna nyoka.
Ni tetekuwanga ile ile aliyougua akiwa na miaka sita,
ikajificha kwenye mzizi wa neva,
ikasikiliza mvua hamsini na nane, ikaamka.
Najua neva hukomea kwenye uti wa mgongo,
haivuki ng'ambo.
Nimeleta vidonge: vitano kwa siku, siku saba.
Mama anavimeza
kama mgeni anayepokea chai asiyoitaka.
Dawa ya jiweni anaiomba mwenyewe.

"Kipi kinakusaidia?" nikamuuliza.
"Hii inanipoza mimi." Akatazama kijisanduku.
"Hiyo inakupoza wewe."

Usiku wa nne umeme ulikatika.
Nikamgeuza nimpake, tochi ya simu mdomoni,
na ng'ambo ya uti, upana wa kidole,
nikaona kipele.
Kimoja. Chekundu.
Mbu. Bila shaka mbu.
"Amefika wapi?" mama akauliza, uso kwenye mto.
Sikuweza kujibu na tochi ile mdomoni,
nikashukuru kwamba sikuweza.

Bakuli la udongo lilikuwa dirishani, umekauka.
Nikauchovyea maji ya mvua
nikachora mstari,
mnene kuliko wa Bhagirathi, uliopinda,
mstari wa mtu asiyejua kazi.
Nikasema maneno yale mawili, polepole,
asije akanisikia nani sijui.

Kisha nikatazama saa
nikampa kidonge cha tano.