Mizunguko Themanini na Minne

Ule ufa wa ukutani, Tsuma, mama ameuziba kwa kalenda.
Mwezi wa Machi unaning'inia juu ya ngumi yako.
Hakusema kitu. Alitafuta msumari,
akaupigilia kwa mchi wa kinu.

Sikuja kukwambia hasira hasara.
Hiyo umeisikia hata imekuwa kama mlio wa feni,
mtu hulala nao.
Una haki. Nilikuwepo Shimanzi alfajiri ile
jina lako liliposomwa, kisha karani akakohoa,
akalipiga mstari, akaandika la mpwa wa mtu.
Wewe umeshika cheti ndani ya mfuko wa nailoni
kisiingie jasho.
Ningekuwa na miaka yako, ukuta ungekuwa na nyufa mbili.

Lakini Bi Rukia Famau amekuulizia.
Huyo wa Makupa, nyuma ya kituo cha mafuta,
anayesuka mota zilizoungua:
za pampu za hoteli, za vinu vya posho,
na miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba.
Hakuuliza cheti. Aliuliza,
"Yule mdogo wako bado anavunja vitu?"
Nikasema bado.
"Basi nguvu anazo. Mlete Jumatatu."

Ngoja, usinune. Nakujua unavyonuna.
Nitakwambia jambo ambalo hata mke wangu halijui.
Mimi nilikuwa kwake. Siku tatu.
Ya kwanza nilifagia.
Ya pili nikang'oa koili zilizoteketea,
nikanuka moshi mpaka kwenye kope.
Ya tatu akanipa waya nihesabu:
mizunguko themanini na minne kila koili,
si themanini na mitatu.
Nikafika sitini, lori likapiga honi, hesabu ikapotea.
"Fungua. Anza."
Nikafungua, nikaanza. Ikapotea tena.
"Fungua. Anza."
Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniudhi;
nilitaka anifokee nipate sababu.
Nikaubwaga ule waya, nikamwambia mimi si mtoto wa chekechea,
nikatoka kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Miaka kumi na mmoja sasa nalinda geti la watu.
Nafungua, nafunga.
Nafungua, nafunga.

Sisemi atakupenda. Ana ulimi, na chai yake haina sukari.
Atakukosoa mbele ya wateja,
na siku ya joto la kaskazi, shati limekuganda mgongoni,
utatamani kumrushia nyundo.
Iweke chini. Nenda bombani ukanawe uso.
Rudi.
Kurudi tu, nduyangu. Hilo ndilo sikulijua.
Nilidhani fundi ni mtu asiyepoteza hesabu,
kumbe hata yeye nilimwona, asubuhi ile ya pili,
midomo ikimchezacheza, akasita,
akaguna, akafungua, akaanza.

Na hasira yako usiiache nyumbani, nenda nayo.
Umeme ukitoroka huunguza mtaa;
ukizungushwa ndani ya shaba, pole pole,
hupandisha maji mpaka ghorofa ya tisa,
mtu asiyekujua akaogea.
Haya, nimeanza kusema kama redio.

Jumatatu, saa moja. Nimebadilishana zamu na Nyiro.
Vaa ile suruali yenye kiraka, usivae ya Idi.
Nitakusindikiza mpaka kwenye pampu za mafuta,
hapo nitasimama, nitajifanya nafunga kamba za viatu.
Ndani utaingia peke yako.
Akikuuliza nani amekuleta,
usilitaje jina langu, huenda amelisahau.
Mwambie ni yule aliyeishia sitini.