Somo la Saba

Kufuli liligoma. Nikalipaka mafuta ya taa,
nikalisemesha kama ng'ombe mkaidi, likakubali.
Chumba cha nyuma ya stesheni, hapa Moshi,
kilichokuwa stoo ya taa za reli,
kikanipokea kwa harufu ya panya na chaki.
Daftari la mahudhurio lilikuwa pale pale:
tarehe kumi na saba Machi, wino wa bluu,
watu ishirini na mmoja, na pembeni nimeandika
"Tutaonana Alhamisi."
Alhamisi ile ilichukua mwaka na miezi saba.

Mimi ni katibu. Miaka thelathini na minne posta
nilipanga barua za wengine kwenye vishimo vyake;
nakijua kilichochelewa, nakijua kilichopotea,
na kwamba mhuri wao ni ule ule.

Walianza kuja saa nne.
Mzee Mbwambo, fimbo mpya, barakoa ya kitenge kidevuni.
Bi Zuwena wa Pasua na chupa yake ya tangawizi:
"Hii si dawa, ni chai tu, msije mkanisingizia."
Mwalimu Kirenga, wa hesabu,
bado anatembea kama anaiwahi kengele.
Hatukujua tusalimianeje.
Mikono iliinuka, ikakumbuka, ikashuka,
viwiko vikagongana kama vichwa vya wanambuzi,
mpaka Apaikunda, aliyekuwa nesi Mawenzi, akasema,
"Nimeosha maiti na vichanga, njooni hapa,"
akatukumbatia mmoja mmoja
kisha akatusukumia kwenye ndoo ya maji na sabuni.

Ubaoni chaki haikuwa imefutika.
Mwandiko wa Haikaeli, mjukuu wa Kirenga,
aliyekuwa akitufundisha simu za kupapasa:
SOMO LA SITA: KUTUMA PICHA.
Na chini yake, la wiki iliyofuata:
SOMO LA SABA: KUFUTA.

Basi ndivyo tulivyojifungia,
tunajua kutuma, hatujui kufuta.
Tukatumiana.
Mkungu wa mshale. Mguu uliovimba, "hivi hii ni gauti?"
Kibo alfajiri, mara arobaini, imelala ubavu.
Sufuria ya mchaichai na mikaratusi, na katika mvuke
mtu chini ya blanketi, humjui ni nani.
Na Ndelilio, dereva wa treni,
aliyepiga kidole gumba chake mara kumi na moja
akitafuta uso wake,
kidole kipana, chenye kovu la bomba la mvuke,
kimejaa kioo kizima.

Februari hakikuja kidole.

Saa tano mjane wake, Eliaichi, aliingia.
Hakukaa. Alifungua pindo la khanga, akahesabu
elfu mbili mbili za ada, Aprili hadi Februari.
"Miezi kumi na moja. Hakupenda kudaiwa."
Nilitaka kumwambia chama kilifungwa, hakuna deni,
lakini nimekaa dirishani miaka mingi,
namtambua mtu aliyekuja kununua stempu
na mtu aliyekuja kusikia mhuri ukigonga.
Nikaandika risiti. Nikagonga.
Akaikunja, akaifunga pale zilipotoka pesa.
"Sasa niandike na mimi.
Simu yake ninayo. Sijui kuitumia."

Haikaeli akashika chaki.
Amekuwa mrefu, au sisi tumepungua.
"Tuendelee tulipoishia? La saba?"
Mbwambo akakohoa. Wote tukamgeukia.
"Ni vumbi jamani," akasema, "ni vumbi!"
tukacheka kuliko kichekesho chenyewe,
halafu tukanyamaza, swali bado limesimama ubaoni.
Ni Bi Zuwena aliyejibu,
bila kuinua macho kwenye simu yake:
"Hilo liruke, mwanangu. Andika la nane."

Nikafungua ukurasa mpya.
Kalamu ya bluu ilikuwa imekauka, nikatumia nyekundu.
Waliohudhuria: kumi na wanne, na mgeni mmoja.
Nikayapiga mstari yale maneno ya mwisho.
Kumi na watano.