Ghorofa ya Saba

Treni ni saa kumi na dakika sita.
Yoshihiro ametukumbusha mara nne tangu chai,
na ile karatasi ya ratiba ameikunja na kuikunja
hadi imebaki ndogo kama stempu.

Osaka leo inanyesha mvua ya kichovu,
si ya kumzuia mtu, ni ya kumuudhi tu.
Mabegi tumeyafungia kwenye kabati la stesheni,
yeni mia saba, na Kanata akauliza
kama begi nalo hulipia kulala.
Nikasema ndiyo. Siku ya mwisho
sina nguvu za kufafanua.

Ngome tumekwisha kuiona.
Papa potwe tumemwona nyuma ya kioo, mzito kama basi.
Tumekwisha kugombana pia, mara mbili, kwa ajili ya soksi.
Lililobaki ni la mama yangu, Fumie,
aliyetoka nasi Aomori bila kuomba chochote,
mpaka jana usiku, akimenya chenza kitandani:
"Nilikuwa msichana wa lifti hapa.
Miezi kumi na minne."

Miaka arobaini na mitatu mimi ni mwanawe.
Kikohozi chake nakijua hata nikiwa chumba cha pili.
Hili sikulijua.

Kwenye ngazi za umeme tukasimama kushoto,
kama wageni. Bwana mmoja mwenye haraka
akatuomba radhi kwa sauti isiyotaka radhi:
hapa watu husimama kulia.
Mama alikuwa kulia tangu mwanzo.

Duka lake lilibomolewa zamani.
Pale pale pamesimama jingine, la vioo, refu maradufu.
Akaliangalia toka chini, mwavuli wa hoteli begani,
maji yakimchuruzika mkononi.
"Si hili," akasema.
Akaingia.

Ndani ya lifti tulikuwa kumi na mmoja,
tumebanana, kila mtu na macho yake kwenye namba.
Sauti ya mashine ikataja ya tano, tamu kama shira.
Ikataja ya sita.
Kisha mama akanyoosha mgongo,
mgongo ule ule unaomlaza siku nzima kila baridi ikizidi,
akainua mkono, kiganja juu, vidole pamoja,
akaiwahi mashine:
"Ghorofa ya saba. Vitambaa vya kimono,
mablanketi, vyombo vya harusi.
Mnaoshuka, tafadhali, angalieni hatua."

Haikuwa sauti yake.
Au ndiyo ilikuwa yake,
na ile ninayoijua mimi ni ya baadaye.

Milango ikafunguka kwenye simu
na mashine za kahawa.
Hakuna aliyecheka. Kanata alitaka, nikamfinya sikio.
Mzee mmoja mwenye fimbo akavua kofia,
akainama kidogo, akashuka,
na nadhani hakuwa anashuka pale.

Tukala vibonge vya pweza chini ya turubai,
tukaungua ndimi sote, kama watu wasiofundishika.
"Kwa nini uliacha?" nikamuuliza.
Akapuliza kibonge chake. Akapuliza tena.
"Glavu zilikuwa nyeupe," akasema,
"na kila jioni tulizifua wenyewe."
Nikangoja sehemu iliyobaki.
Akaniomba tishu.

Saa kumi na dakika mbili tulikuwa jukwaani,
Yoshihiro ameshinda, uso umemlegea kwa furaha.
Kumbe mwavuli wa hoteli tumeondoka nao.
Mji ukaanza kurudi nyuma: mapaa, nguo zilizosahauliwa mvuani,
uwanja wa shule, mtoto mmoja na mpira.

Kanata akaegemea bega la bibi yake.
"Bibi, hii treni inapanda au inashuka?"
Kwetu huulizwa hivyo, kila treni ina upande wake.
Mama alikuwa amefumba macho,
mkono mmoja umelala pajani, kiganja juu.
"Mpaka Tokyo tunapanda," akasema.
"Baada ya hapo ni kushuka tu.
Lala. Nitawatajia."