Zamu ya Usiku, Friesland

Tjitske aliyeiandika alinionya:
programu haiamuru, hukataza tu.
Lango la juu lisifunguke
la chini likiwa wazi. Basi.

Tishari huja litakapo,
upepo haupigi hodi.
Hayo hayakatazwi, hungojwa
na kihisi kidogo kama kidole gumba,
jicho lisilo na kope.

Saa tisa usiku kikasema: limefungwa.
Lakini maji yalinong'ona ufani,
nami nimezeeka na mnong'ono ule.
Mashine huamini inachoambiwa.
Nikavaa buti, nikachukua tochi.

Katikati ya mbao mbili
bata mdogo mweusi ameatamia.
Mayai matatu.
Nahodha akapiga honi; nikamwinulia mkono.

Daftarini hali zilikuwa mbili,
wazi, limefungwa.
Nikachora mstari wa tatu.