Neno la Mwenyewe

Elfu kumi na tatu, baada ya kuapiana,
na mkoba juu, na chaja isiyo yake.
Bafadhili aliifuta kwa kitambaa cha miwani
akanionyesha inawaka. Na kweli iliwaka.
Hakusema inawaka mpaka wapi.

Nyumbani Majengo, mezani, kando ya birika,
nikabonyeza. Ikanguruma kama paka aliyesumbuliwa,
kisha giza, na katikati ya giza kisanduku cheupe,
na kufuli dogo lililochorwa:
weka neno la siri.

Neno gani? La nani?
Hatujalala nyumba moja hata usiku mmoja
nawe wataka siri.

Nikajaribu yale watu wanayoyaamini:
moja mbili tatu nne. Jina la Mungu, nikaona haya.
Nikaandika mombasa, ingawa najua
aliyeifunga hajawahi kula kiazi cha karai
akaungua ulimi.
Mara ya tatu ikakata kauli,
ikanitupia nambari ndefu, tarakimu na herufi,
kama mtu aliyekasirika akarudi kwenye lugha ya kwao.

Rukiya wangu, kidato cha pili, akasema:
"Mama, hiki si kipakatalishi. Ni kipakatakimya."
Akacheka peke yake.
Mimi nilikuwa nahesabu: kadi sitini za arusi, Ijumaa,
kurasa mia za mwanafunzi wa Tudor,
na mashine ya kukodi inanila shilingi hamsini kila saa.

Fundi Mwachiro yuko ghorofani, nyuma ya Marikiti,
chumba kinanuka risasi iliyoyeyuka na bizari ya jirani.
Skrubu akazipanga kwenye kisahani cha kahawa.
Akang'oa kibetri, kiduara kama shilingi.
Tukangoja, vikombe viwili.
Akarudisha, akawasha. Kufuli lile lile.
"Za zamani zilikuwa zikisahau zikishikwa na njaa.
Hizi za sasa zinakufa na neno lao."

Akaigeuza. Chini, karatasi iliyokwanguliwa kwa kucha:
Mali ya
basi.

"Stakabadhi unayo?"
"Waniita mwizi?"
"Sikusema mwizi. Nimesema karatasi.
Mlango naweza kuufungua,
lakini lazima nijue namfungulia nani."

Nilishuka ngazi nimevimba. Nilipofika chini nilikuwa nimeshapoa,
maana mimi pia nina mlango.

Bafadhili akaapa, akatoa jasho, akatoa daftari la kijani:
kontena, tarehe, nambari ya mashine, mpwa wake aliyeko huko.
Siku kumi na saba. Kadi za arusi nilizichapa kwa kukodi,
faida yote ikaenda kwa mwenye mashine.

Jibu likaja mistari miwili.
Ofisi ilihama, vitu viliuzwa kwa mkupuo,
funguo zilibaki kwenye droo. Neno ni hili.

Na mimi nilikuwa nimeshamtungia mtu:
mjane, nikasema, ameandika jina la marehemu;
au kijana, jina la msichana asiyemtaka.
Kumbe herufi nane zisizotamkika,
zimegongwa bila kutazama,
mtu ana haraka, chakula cha mchana kinapoa.

Ikafunguka. Tupu, safi, haina hata picha.

"Sasa weka lako," Mwachiro akasema,
akageukia dirishani kutazama mkokoteni wa barafu,
kama mwanamume anavyompisha mwanamke afunge leso.
Mkokoteni ulipita. Aliendelea kutazama.

Vidole vyangu vilikaa juu ya herufi muda mrefu.
Kisha nikaandika. Mara mbili, kama inavyotakiwa.

Rukiya sijamwambia. Nawe usiniulize.
Na ikitokea siku umeikuta Mwembe Tayari,
imefutwa vizuri kwa kitambaa cha miwani,
njoo Majengo.
Uje na karatasi.