Kokoto Kumi

Kila Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi,
simu inatetemeka mezani kama nzi aliyenaswa chupani.
Haibishi hodi. Haisemi mwangaluka, haiulizi za kuamka.
Inauliza tu: Maumivu, kutoka sifuri hadi kumi?

Siku ya kwanza nilikasirika.
Adabu gani hii, kumwuliza mtu mzima maumivu
kabla ya kumwuliza watoto?

Mimi nimelelewa kwa sijambo.
Mama alikuwa na homa ya siku tisa, jirani akapita, akamjibu sijambo;
jioni ile ile tulimfunika shuka.
Sijambo ni mlango. Unaufunga taratibu, mgeni asisikie komeo.
Hata kule hospitali ya kilimani, baada ya foleni ya tangu alfajiri,
daktari aliponiuliza, unaendeleaje mama, nikasema salama,
naye akaandika salama,
na mkono wangu wa kushoto ukabaki chini ya khanga,
umejaa kama kiriba.

Titi walilitoa msimu wa vuli.
Nilidhani tumemaliza.
Hakuna aliyeniambia kwamba kupona nako ni kibarua,
kama kugonga mawe hapa Igogo:
unagonga, unagonga, debe halijai.

Sista Generosa ndiye aliyeniwekea ile huduma kwenye simu.
Akasema, tukikuona kila miezi mitatu,
kuna siku tisini hatukuoni.
Nikamwambia namba ninazozijua ni za madebe.
Akacheka. Basi anza na hizo.

Nikachagua kokoto kumi zinazolingana,
nikazipanga dirishani.
Usiku mkono ukipwita, naokota moja, nyingine, nyingine,
naziweka kiganjani mpaka uzito ufanane.
Tano. Hii ni tano.
Sikujua maumivu yana kipimo.
Nilidhani yana aibu tu.

Wiki mbili za mwanzo, Shija, mjukuu wangu, ndiye aliyebonyeza.
Bibi, uchovu? Kidogo.
Usingizi? Nalala.
Maumivu? Sijambo, baba.
Akajaza mbili kila mahali, akakimbilia shule.
Mtoto humwambii saba.

Wiki ya tatu nikamnyang'anya.
Kidole changu, kigumu kwa nyundo, kikaitafuta saba,
kikakosea, kikafuta, kikaipata.
Kisha nikakaa kizingitini natazama ziwa kule chini,
la kijivu, limejaa magugu maji,
najiona mjinga, nimenong'oneza siri kwenye kibati.

Saa nne simu ikalia.
"Mama Limi. Saba tangu lini?"

Tangu lini.
Nyundo ilikuwa mkononi. Niliiweka chini
kwanza, ndipo nikalia.

Sasa nina soksi ya mkono, inabana kama mawifi,
na mazoezi ya kupandisha vidole ukutani
mpaka pale nilipochora mstari kwa mkaa.
Juzi niliweka nne. Leo nne.
Sisemi imeshuka.
Kuna Jumatatu naitupia simu chini ya mto
kwa sababu sitaki kuwa mgonjwa siku hiyo,
nataka kuwa mtu anayedaiwa kodi.
Inasubiri. Jioni inauliza tena.

Nyanzobe, aliyelala kitanda cha pili wodini,
alirudi Ukara. Kule mtandao unaufuata juu ya jiwe.
Amepanda mara mbili, akajaza sifuri, akashuka.
Jana nilimpigia mwenyewe.
"Sijambo," akasema, kabla sijafungua kinywa.
Nikamwambia, Nyanzobe, sijakusalimu.
Nakuuliza namba.

Kimya. Upepo wa kule juu ukavuma sikioni mwangu,
mbuzi akalia mbali.
Vocha yangu ilikuwa inaisha na niliiacha iishe.

"Nane," akasema.

Tangu lini?