Unyaufu

Mimi ni karani wa ghala. Korosho ikiingia kilo elfu,
ikitoka mia tisa themanini na tano,
naandika: unyaufu. Jua limekunywa tofauti,
na hakuna anayelidai jua.

Lakini petroli?
Petroli hainyauki ndani ya tangi lenye kifuniko.

Kigari chetu ni Vitz ya rangi ya maziwa yaliyoungua,
mlango mmoja wa bluu, uliotoka kwa marehemu mwingine.
Masasi hadi Ndanda, Ndanda hadi Masasi,
Chigugu, Chikundi, Mwena, kisha kurudi,
na daftari la mraba kwenye kiti cha abiria:
lita kushoto, kilomita kulia.
Mwezi wa nane, lita moja ilinifikisha kilomita kumi na sita.
Mwezi wa kumi na moja, kumi na moja.

Nikaanza na mguu wangu. Nikaufunza adabu,
ukanyage kama unapita karibu na kuku aliyeatamia.
Nikiwaona mbuzi wa Chigugu kwa mbali, naachia mapema,
gari lijiendee, breki ibaki na heshima yake.
Matairi nikajaza upepo alfajiri, kabla lami haijachemka,
thelathini na mbili kila moja.
Buti nikalishusha: jeki mbili (kwa nini mbili?),
nusu mfuko wa saruji iliyokwisha kuwa jiwe,
salfa ya msimu uliopita, mabuti ya mvua ya shemeji.
AC nikaizima. Hata pale Mwena, saa nane mchana,
nilifika na blauzi imenishika mgongo kama mdai.

Fundi Nangomwa akachomoa plagi, akazipuliza.
Akaitoa eaklina, nyekundu kama tofali:
"Mama, gari lako lilikuwa linapumulia ndani ya shuka."
Nikacheka, nikalipa.
Kumi na moja.

Hapo ndipo nikamtazama Fabiani.
Sikusema. Nilipiga hesabu.
Usiku niliandika kilomita kiganjani kwa kalamu,
asubuhi nikaenda kulinganisha: zile zile,
haijaongezeka hata moja.
Ila mshale wa mafuta umeshuka upana wa ukucha.
Gari halikwenda popote, na limekula.
Hili hata kwenye semina ya ushirika hawakutufundisha.

Siku ya pili umeme ukakatika saa mbili.
Bati lilikuwa bado linarudisha jua la mchana,
ukuta ukiugusa, nao unakugusa.
Nikajifanya nimelala.
Saa saba akainuka, akamnyanyua Efrasia,
miezi mitano, harara mwili mzima
kama aliyemwagiwa ufuta,
akatoka naye kwa ncha za vidole.
Nikasikia ufunguo. Nikasikia injini, chini chini,
kama mtu anayesaga unga nyumba ya tatu.

Nilipochungulia: taa zimezimwa, vioo vimepandishwa,
Fabiani kiti cha mbele, shati wazi,
mtoto kifuani,
na ule ubaridi niliounyima mgongo wangu mwezi mzima
ukimpeperusha nywele nne za utosini.
Amelala. Efrasia, ambaye tangu mgao uanze
hajui usingizi una umbo gani, amelala.

Nilikuwa na maneno. Niliyapanga kwa magunia,
bei ya lita, ada ya Joni, deni la Nangomwa.
Nikatoka nayo hadi uani.
Nikagonga kioo kwa ukucha. Fabiani akaruka kama mwizi.
"Nilitaka kukuambia," akanong'ona, "ila lile daftari lako..."
"Shusha kioo kidogo, mpate hewa," nikasema,
nikaingia kiti cha nyuma, nikafunga mlango wa bluu
polepole, maana una kelele.

Asubuhi nikachora safu ya tatu.
Kalamu ilitaka kuandika unyaufu, kwa mazoea.
Nikaandika: Efrasia, saa mbili na nusu, lita mbili.
Nikajumlisha tena kutoka juu.
Hesabu ikakubali.